Kigari Kilichokaa Katika Kidaka

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wasomaji, mama zangu, dada zangu na mabinti zangu. Niliahidi kwamba juma hili tungeendelea na haki za jirani. Naomba mniwie radhi, tutarejea huko juma lijalo inshallah. Limenifikia suala ambalo nililiona dogo lilipokuja, kisha likawa halinitoki moyoni, nami nimeona afadhali nilieleze hapa kuliko kukaa nalo peke yangu.

Suala lenyewe lilitoka kwa mpwa wangu anayeishi Uingereza na mumewe. Aliniletea ujumbe kwa simu, pamoja na picha. "Shikamoo mjomba. Mwanangu amepewa zawadi ya mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Jana amechimba nyuma ya nyumba tuliyopanga akapata kigari kidogo cha chuma, cha zamani. Amekipenda, alala nacho. Lakini babake asema si chetu. Je, ni halali yetu?"

Katika picha nilikiona kigari chenyewe, hakizidi urefu wa kidole. Rangi yake ilikuwa imebanduka karibu yote, na vyuma vilivyoshika magurudumu vimeshikwa na kutu. Chini ya tumbo lake, baada ya kusuguliwa tope, lilisomeka jina la Lesney.

Kwanza niwaeleze mashine hiyo, kwani huku kwetu si wengi walioiona. Ni fimbo ndefu yenye duara mwishoni, na ndani ya duara hilo mna waya uliosokotwa. Umeme unapopita katika waya huo, huzuka nguvu ya sumaku inayoshuka ardhini. Ikikuta kipande cha metali, chuma au shaba au fedha, hicho kipande nacho huamka na kutoa nguvu yake kidogo, na mashine huihisi ikalia. Haijui kutofautisha baina ya hazina na kifuniko cha chupa. Mwenye mashine hana budi kupiga magoti, kuchimba, na kuona mwenyewe alichojaliwa. Huko Uingereza watu wengi hushinda mashambani na mabondeni kwa kazi hii. Wengi hutamani dinari za dhahabu, na wanachokipata mara nyingi ni misumari, vifungo vya nguo, na vichezeo vya watoto.

Sasa jawabu la kisheria, kwa ufupi. Mafakihi wetu wametenganisha mambo mawili. Kuna rikazi, yaani mali iliyofukiwa tangu zama za ujahili, na hiyo ikiwa dhahabu au fedha, kwa madhehebu yetu ya Shafi, hutolewa khumsi, fungu moja katika matano. Na kuna lukta, yaani mali iliyompotea mwenyewe, ikaokotwa na mwingine. Bwana Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba lukta hutangazwa mwaka mzima, na mwenyewe akitokea hupewa. Kitu duni ambacho mwenyewe hatazamiwi kukitafuta kwa muda mrefu, wanavyuoni wamekipunguzia muda huo. Tena, mtoto mdogo akiokota, walii wake ndiye achukuaye dhamana ya kukitangaza.

Kigari hiki si rikazi. Kampuni ya Lesney ilianzishwa London mwaka 1947 na marafiki wawili, Leslie Smith na Rodney Smith, waliounganisha majina yao likapatikana jina hilo. Ilifilisika mwaka 1982. Basi kigari kilitengenezwa kabla ya hapo, na yamkini mwenyewe yu hai, naye ni mtu wa makamo kama mimi. Na kwa kuwa kilikuwa chini ya ardhi ya watu, na sheria ya nchi ile inampa mwenye ardhi haki ya kile kilichofukiwa ndani yake, nilimwambia mpwa wangu: "Mjulisheni mwenye nyumba, waulizeni na majirani wa zamani. Wakisema chukueni, basi kijana na achukue, kwa moyo mweupe. Na baba mtu amenena haki."

Wangalifanya hivyo, mambo yangalikuwa yamekwisha. Nao walifanya. Mwenye nyumba alicheka, akasema mtoto na akichukue. Lakini mimi sikumaliza.

Nilitaka kujua watu wale wanafanya nini na vichezeo wanavyovichimbua, nikasoma. Nimejifunza kwamba mto Thames, unaopita katikati ya London, hupwa na kujaa kama bahari yetu. Maji yakipwa, kingo zake hubaki tope tupu, na tope hilo halipitishi hewa, kwa hivyo metali iliyozama humo hukaa miaka mingi bila kuharibika. Tangu miaka ya 1970 watu wenye mashine hizi walianza kuitafuta tope ile, na siku hizi hakuna ruhusa kuchimba pale ila kwa kibali cha mamlaka ya bandari. Miongoni mwa waliyoyatoa ni vichezeo vya watoto vilivyosubuwa kwa bati na risasi: visahani, vijagi, saa za bandia, bunduki ndogo, hata kikaango chenye samaki ndani yake. Wataalamu wawili, Hazel Forsyth na Geoff Egan, waliviandikia kitabu kikubwa mwaka 2005, na vyenye umri mkubwa kabisa ni vya karibu mwaka 1200.

Kimoja katika hivyo ni farasi mwenye mpanda farasi mgongoni, aliyevaa mavazi ya vita. Ni kidogo, chatoshea kiganjani, na ndani yake ni kitupu. Wanakikadiria kuwa ni cha karibu mwaka 1300. Kimesubuwa katika kalibu, na kalibu haitengenezwi kwa ajili ya kitu kimoja. Maana yake ni kwamba walikuwako watu waliovitoa kwa wingi na kuviuza, na walikuwako wazazi waliofungua mikoba yao wakanunua, si wafalme peke yao.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu mwaka 1960 mwandishi mmoja Mfaransa, Philippe Ariès, alitoa kitabu mashuhuri alimosema kwamba katika zama zile watu wa Ulaya hawakuwa na fikra ya utoto. Mtoto, kwa maneno yake, akishaweza kujitegemea kidogo tu aliingizwa katika dunia ya wakubwa, akawa mtu mzima mdogo. Wengi walimfuata. Kisha likatoka tope na farasi wake. Vikatoka visahani na kikaango. Wataalamu waliokuja baada yake wakavishika vitu hivi na kusema: hawa walikuwa na watoto, waliwajua kuwa ni watoto, na waliwanunulia cha kuchezea. Vitabu vya zama zile viliandikwa na wakubwa kwa ajili ya wakubwa. Ushahidi wa watoto ulikuwa umezama mtoni, katika vitu walivyovidondosha, labda wakalia, kisha wakasahau.

Nami niliposoma habari za farasi yule, fikra ilinipeleka kwa farasi mwingine mkongwe kuliko yeye kwa karne nyingi, ambaye sisi hatukuhitaji mashine kumpata. Amepokewa katika Sunan Abu Daud, kutoka kwa Mama wa Waumini, Bi Aisha (r.a.). Bwana Mtume (s.a.w.) alirejea kutoka vitani, Tabuk au Khaybar. Upepo ukavuma ukafunua pazia, wakaonekana wanasesere wa Bi Aisha. Katikati yao alikuwako farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Akamuuliza ni nini kile. Akajibu ni farasi. Akamuuliza juu yake pana nini. Akajibu ni mabawa. Akastaajabu: farasi mwenye mabawa? Naye Bi Aisha akamrudishia kwamba, je, hakusikia kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa? Basi Bwana Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana.

Mzingatie hali yenyewe, mama zangu. Mtu ametoka safari ya jihadi, mwili umechoka, umma mzima uko mabegani mwake. Anakiona kichezeo. Hakukichukua, hakukitupa, hakusema huu si wakati wake. Aliuliza. Aliuliza tena na tena, kama anayetaka kweli kujua. Na katika Sahih Bukhari tunapata kwamba wasichana waliokuwa wakicheza na Bi Aisha wakijificha kwa haya anapoingia yeye, na yeye akiwarudisha kwake wakacheze. Ndiyo maana wanavyuoni wengi wameruhusu wanasesere kwa watoto, hata wale waliokaza sana katika suala la sanamu.

Hadithi hii nimeisomesha miaka thelathini. Na sasa nafika pale nisipopapenda.

Mwezi uliopita tulikuwa tunatengeneza chuo chetu, jengo kongwe la mawe lenye kuta nene na zidaka, kama mzijuavyo nyumba za mji wa kale. Kulikuwa na kabati kubwa la mbao lililosimama mbele ya ukuta mmoja kwa muda mrefu, limeliwa na mchwa. Fundi alipoliondoa, nyuma yake pakaonekana kidaka cha juu tulichokuwa tumekisahau. Fundi akatia mkono, akatoa msahafu wenye kurasa chache, wino uliokauka ndani ya chupa, na kigari.

Hakikuwa cha kampuni. Kilikatwa kwa kopo la samli, kikakunjwa kwa koleo, milango imechorwa kwa msumari, na magurudumu yake ni vizibo vya soda vilivyobanwa viwiliviwili. Mtu aliyekifanya alikuwa na mkono mwema: kila ncha ya bati ilikuwa imekunjwa ndani ili isimkate mtoto.

Nilikijua papo hapo. Mimi ndiye niliyekiweka pale.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwalimu mpya, na kama walimu wengi wapya niliogopa kuonekana dhaifu. Alikuwako mwanafunzi mmoja wa miaka minane. Wenzake wakisoma, yeye alikuwa akikiendesha kigari kwenye ukingo wa jamvi, taratibu, bila sauti. Nikamnyang'anya. Nikakiweka kidakani, juu, nikamwambia mbele ya wenzake: "Utakipata siku utakapohitimu Juzuu Amma." Mtoto alihitimu, tena mapema. Mimi nilisahau. Yeye hakuuliza. Watoto wa wakati ule walifunzwa adabu ya kutomdai mwalimu, na mimi nilistarehe kwa adabu ile.

Nilimtafuta. Kwa sasa ni baba wa watoto watatu, afanya kazi bandarini. Nikamwambia kwa simu kwamba nina amana yake, aje akipata nafasi. Alikuja Ijumaa baada ya swala pamoja na kijana wake mdogo. Nikampa kigari. Alikigeuza, akakitazama chini, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, hiki alinitengenezea baba wiki ile aliyopanda meli." Babake alikuwa baharia. Namkumbuka, alikuwa haonekani mjini ila mwezi mmoja katika mwaka, naye ameshatangulia mbele ya haki. Kisha akasema neno ambalo tangu siku ile silali nalo vizuri: "Nilikuwa nikikiona pale juu kila siku nikija kusoma. Mpaka lilipoletwa kabati."

Mimi nilisahau kwa siku moja. Yeye alikitazama kila siku.

Nilimwomba msamaha mbele ya mwanawe, kwani nilimnyang'anya mbele ya wenzake. Akasema, "Nimekusamehe, mwalimu, zamani sana." Nami namsadiki. Lakini kusamehewa hakufuti kilichotokea, na sitaki mtu yeyote asome makala hii akadhani kwamba mwisho wake ulikuwa mzuri. Yule mtoto wa miaka minane hakurudishiwa kitu. Aliyerudishiwa ni mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. Miaka ya kukichezea imepita, na hakuna mashine iwezayo kuichimbua.

Kijana wake alikuwa na swali moja tu: "Chaenda?" Gurudumu moja lilikuwa limeganda. Baba akaomba mafuta ya nazi kidogo, akalipaka, akalizungusha kwa kidole mpaka likalegea. Kisha wakakaa chini wote wawili, kwenye sakafu ya chuo, pale pale, wakakiendesha.

Wapenzi wasomaji, kutokana na haya nina nasaha nne.

Ya kwanza: mali ya mtoto ni mali. Mafakihi hawakusema kwamba umiliki wa mtoto ni wa mzaha. Ukimwondolea kichezeo ili asome au alale, umechukua amana. Mwambie utakirudisha lini, na siku hiyo ikifika, mpe kabla hajakuomba. Ukikivunja kwa hasira au ukakitupa, mtake radhi na umlipe. Wako wazazi wanaowafunza watoto wao wasiibe, na wao wenyewe huwachukulia vitu vyao bila hata kusema neno.

Ya pili: mchezo hauna uadui na dini. Mchezo una wakati wake na Kurani ina wakati wake, na kazi ya mlezi ni kuvipangia nafasi vyote viwili. Mimi ningeweza kumwambia yule mtoto, kiweke kwenye kiatu chako, utakichukua ukitoka. Lingetosha neno hilo.

Ya tatu: mpe mtoto kitu kilichotoka mkononi mwako. Jack Odell, aliyekuwa mshirika wa wale wakina Smith wa Lesney, inasimuliwa kwamba aligundua biashara yao kubwa kwa ajili ya binti yake. Shuleni kwao hawakuruhusiwa kichezeo ila kile kinachoenea ndani ya kibweta cha kiberiti, basi akamtengenezea mtambo mdogo wa kushindilia barabara. Mwaka 1953 wakaanza kuuza magari ya namna hiyo, nayo yakaenea dunia nzima. Wewe huhitaji kiwanda. Mama aweza kushona mwanasesere kwa kipande cha leso, na baba aweza kukata kopo.

Ya nne ni ya tahadhari, hasa kwa mama. Vichezeo vya metali vya zamani, vya kuchimbuliwa au vya kununuliwa mnadani, vingi vina risasi ndani yake au katika rangi yake. Ni madini yale yale ambayo wavuvi wetu huyeyusha kufanyia chubwi. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo wake, na mtoto mdogo kila kitu hukitia kinywani. Sisi wa Mombasa tumeyaona madhara yake kwa jirani zetu wa Owino Uhuru, kutokana na kuyeyushwa kwa betri kuukuu. Basi kichezeo kikuukuu kiwekwe kabatini kitazamwe, asipewe mtoto mchanga, na aliyekishika aoshe mikono. Na kijana atakayejaliwa mashine kama ya mjukuu wangu, asije akaipeleka Gede au katika magofu yetu mengine ya pwani. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 yataka kibali kwanza, na kitu cha kale kikipatikana hupelekewa habari wahusika.

Nikimalizia, mpwa wangu ameniandikia tena. Kijana wake ameniuliza kupitia kwake: "Babu, yule mtoto aliyekipoteza kigari hiki, alikuwa akikitafuta?" Nimemjibu kwamba naamini alikitafuta, pengine siku nyingi. Na nimemwomba kila akichezapo nacho amwombee dua mwenyewe, popote alipo.

Na kama ndani ya nyumba yako mna kidaka, juu ya kabati au nyuma ya saraka, ulimoweka kitu cha mtoto na ukasema "baadaye", inuka sasa hivi ukakitazame. Huenda bado ni mtoto.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.